Spiriti Kwenye Meza ya Wakwe

Tulimwacha Spès uani kwake Gikondo, anaokota glasi za wageni na kumshukuru Mungu kwa sauti. Alishukuru mapema. Ningekuwepo ningemwambia asubiri kidogo, lakini nani anamsikiliza mwandishi wa hadithi?

Kwa aliyejiunga nasi leo: Spès ni mama wa makamo, Mnyarwanda aliyezaliwa na kulelewa Buyenzi, kule Bujumbura, ambako hata paka wanaelewa Kiswahili. Mwaka ule wa tisini na nne, vita vilipokwisha, alirudi katika nchi ya wazazi wake ambayo hakuwahi kuiona kwa macho. Alirudi na mumewe Révérien, fundi wa vanishi. Na shemeji yake Silvère, fundi wa maneno. Na binti yake wa pekee, Ingrid.

Njiani waliibiwa magodoro. Kigali, nyumba ya kwanza walinyang'anywa na mtu mwenye bunduki, na ya pili ilikuja kudaiwa na mwenyewe, yu hai na hasira zake zote. Mwishowe ofisi ya wilaya ikawapa vyumba nyuma ya karakana ya mbao, pamoja na karakana yenyewe. Mwenye karakana hakuonekana tangu mwezi wa nne. Mwaka ule habari za mtu wa namna hiyo hazikuulizwa mara mbili.

Ndani Révérien alikuta randa, misumeno, na pipa la bluu lililojaa spiriti. Karatasi yake ilikuwa imechubuka, haisomeki. Lakini fundi wa vanishi hasomi karatasi. Alinusa, akachota kidogo, akatupia vile vigamba vya rangi ya asali ambavyo vikikutana na spiriti hugeuka vanishi. Vikayeyuka vizuri.

"Ni ileile yetu ya Buyenzi," akasema.

Pipa lile likawa ng'ombe wa familia, kila mtu anakamua. Révérien aling'arishia vitanda na makabati. Spès aliwashia jiko lake la mafuta, akasafishia vioo vya taa na kutolea madoa ya wino. Makarani wa ofisini walikuja na vichupa vyao kuomba kidogo kwa ajili ya mashine ya kurudufu karatasi. Kitu kimoja tu kilimkera Spès: mchana, moto wa spiriti ile hauonekani. Aliwahi kuungua vidole zaidi ya mara moja akidhani jiko limezimika. Kule Buyenzi moto ulikuwa wa bluu, mtu anauona. Alipomlalamikia mumewe, Révérien alisema ni jua la Kigali.

Halafu Gakwaya akampenda Ingrid. Gakwaya ni kijana mwenye pick-up, aliyelelewa Uganda, na wazazi wake, mzee Frederick na mama Winifred, ni walokole wa Kinyinya, watu waliookoka na wasiogusa pombe. Jumamosi walikuja Gikondo kwa gusaba, yaani kuja kuomba mchumba.

Sasa sikia desturi ya huku. Anayemkaribisha mgeni kinywaji huonja yeye kwanza, mbele ya watu wote, ili mgeni ajue hakuna sumu. Wengine walipewa bia na Fanta, lakini baba wawili, wa binti na wa kijana, walitengewa chupa yao peke yao, chupa ya wiski aliyoileta Silvère. Révérien alimimina, akaonja, akampa Frederick.

Frederick hakuwa ameonja kileo tangu aokoke. Lakini kukataa kikombe alichokionja baba wa binti ni sawa na kumkataa binti mwenyewe. Alifumba macho, akakinywa chote kwa mkupuo kama dawa ya minyoo. Vigelegele! Na Révérien, mtu asiyependa kitu kipotee, akaimaliza chupa iliyobaki, juu ya bia alizokuwa akizinywa tangu asubuhi.

Hapo ndipo Spès aliposhukuru.

Jumapili, jua likiwa utosini, pick-up ya Gakwaya ilisimama nje. Aliingia bila hodi. Jana alimwita Spès mabukwe, mama mkwe, akiwa amevua kofia. Leo kofia ilibaki kichwani.

"Mama."

"Karibu, mwanangu. Kaa nikuletee chai."

"Mimi hapana kaa. Mzee hapana ona."

"Haoni nini?"

"Hapana ona kitu. Asubuhi kanisani alishika Biblia juu chini. Tukafikiri nachoka. Halafu akaanza kutapika, kichwa nauma, tumbo nauma. Sasa nasema ni kama mtu alimwagia yeye maziwa ndani ya macho."

Spès alikaa kwenye kigoda bila kukusudia.

"Na papa Ingrid?" Gakwaya akauliza. "Yeye iko namna gani?"

Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Sauti iliyotoka humo ilikuwa ya Révérien akikoroma.

"Amelala."

"Nalala vizuri?"

"Vizuri," Spès akajibu, na papo hapo akatamani alirudishe neno lake kinywani.

Gakwaya alisikiliza mkoromo ule muda mrefu. Kijana wa watu alikuwa na macho mekundu. Alikuwa amelia, au hakulala, au yote mawili.

"Mama yangu nasema hivi. Chupa moja, watu mbili. Moja nakunywa, nalala kama mtoto. Ingine nakunywa, napofuka. Sasa mutuambie: ile kuonja ilikuwa kuonja kweli, ama ilikuwa kutufunga macho?"

"Gakwaya! Mimi nimpe bamwana sumu? Nipate nini?"

Bamwana ndilo jina wanaloitana wazazi wa pande mbili za ndoa. Jana walikuwa wamelitumia kwa mara ya kwanza, wakicheka.

"Mimi hapana jua. Baba mudogo wangu nataka kuita askari. Mimi nikasema angoja, nachukua mama kwanza. Sababu Ingrid..." Aliangalia chini.

Spès alijua maana ya kuitiwa askari kwa neno sumu. Miezi ile askari hawakuwa na nafasi ya kusikiliza hadithi ndefu.

"Ngoja nivae kitenge," akasema.

Hakwenda kuvaa kitenge. Alizunguka nyuma ya karakana, akamkuta Silvère amekaa juu ya mbao, anatafuna muhindi wa kuchoma.

"Silvère, ile chupa ya wakwe uliipata wapi?"

"Si nilikuambia, shemeji? Mzungu moja wa shirika alinipatia."

"Mzungu gani?"

"Mrefu-mrefu hivi."

"Silvère. Bamwana amepofuka."

Muhindi ulianguka kwenye takataka za randa.

"Yesu na Maria," Silvère akasema kwa sauti ndogo. "Shemeji, usipige kelele. Chupa alinipa kweli. Lakini ilikuwa tupu."

"Ukaijaza nini?"

Silvère aliutazama tu mlango wa karakana, na Spès naye akautazama.

"Ya kwenye pipa?"

"Si ni ileile, shemeji! Weye mwenyewe unajua. Buyenzi mafundi wote tulikuwa tunakunywa. Ile alikoli ya miwa iliyokuwa inavuka toka upande wa Zaire. Mchana unapaka nayo kabati, jioni unaweka maji na juisi ya marakuja, unashusha. Nani alikufa? Nani alipofuka? Sasa nikachota, nikaweka maji, nikaunguza sukari ipate rangi. Nikaonja kifuniko kimoja. Tamu!"

"Révérien alijua?"

"Hakujua. Yeye alifikiri ni wiski ya kweli." Silvère akaanza kulia, mtu mzima na mashavu yake. "Nilitaka aheshimike. Kaka yangu anatoa binti yake, na mezani kuna Fanta? Tumeishi kwa watu maisha yetu yote, shemeji. Tumefika kwetu, tuonekane maskini vilevile?"

Spès alitaka kumpiga. Aliuinua mkono kabisa, halafu akaushusha, kwa sababu alikuwa amechoka. Tangu warudi mwezi wa nane alikuwa akiamka kila asubuhi kufagia balaa ya jana na kutandika nafasi ya balaa ya leo. Hata hasira inahitaji nguvu, na yeye nguvu hakuwa nazo.

"Twende ukaseme mwenyewe."

"Nakuja. Ngoja nivae viatu."

Pick-up ilipiga honi. Ikapiga tena. Spès alikwenda kuchukua kitenge chake, na aliporudi kumwangalia, shemeji yake alikuwa ameruka ukuta wa nyuma, na viatu vyenyewe vilikuwa pale pale mlangoni.

Ingrid alikuwa amesimama uani na nguo za jana mikononi, anataka kuzifua.

"Mama, wanavunja ndoa yangu?"

"Sijui, mwanangu. Baki na papa. Akiamka mpe uji."

Waliondoka. Kwenye kizuizi askari aliwaangalia, akawaruhusu. Spès alishika kitenge chake kwa mikono miwili na kupiga hesabu ambayo hata wewe, msomaji, usingependa kuipiga. Akisema kilichokuwa kwenye chupa, Silvère ni muuaji, Révérien ni mshirika wake, na Ingrid hana ndoa. Asiposema, mzee wa watu anabaki gizani, pengine anakufa, na hakuna atakayejua.

Nani angemlaumu akinyamaza? Mimi nisingemlaumu. Lakini wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua, na Spès alilelewa na nyanya aliyeirudia methali hiyo hata kwa mafua.

"Mwanangu, pita hospitali kwanza."

"Asubuhi mimi nilipeleka mzee kwa dispensari. Walisema malaria."

"Hawakujua alichokunywa."

Gakwaya alipunguza mwendo. "Wewe najua?"

"Pita hospitali. Nitasema mbele ya daktari, mara moja tu. Wewe utasikia hukohuko."

Walimkuta Daktari Kirezi kwenye korido, ananawa mikono kwa maji ya ndoo. Alikuwa mwanamke kijana, aliyelelewa Tanzania, na hata katikati ya majeruhi na vilio hakusahau adabu za huko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," Spès akasema, kisha akayatoa yote: pipa, vanishi, chupa tupu ya Mzungu, sukari iliyounguzwa. Aliyasema harakaharaka, akiangalia ndoo. Alipomaliza alisikia Gakwaya amegeukia ukuta, anapumua kwa nguvu.

Daktari hakumlaumu. Aliuliza swali moja tu.

"Hiyo spiriti, mkiiwasha mchana, moto mnauona?"

"Hatuuoni. Niliungua mara nyingi."

Daktari alifumba macho kidogo. "Ni methanoli, mama. Hiyo na pombe ni ndugu. Wanafanana sura, harufu, hata ladha. Kiwandani ni kitu cha maana sana, ndiyo inayotengenezewa gundi za mbao na rangi, na nchi nyingine wanaendeshea magari. Hata nyumbani si mbaya, ukisafishia kioo au ukiwashia jiko. Ubaya ni tumboni. Ini linaigeuza kuwa asidi, ileile ya siafu anapokuuma. Na hiyo asidi huanzia machoni."

"Na dawa?"

"Dawa ipo. Kwa hapa tulipo, dawa ni pombe."

Gakwaya aligeuka. "Daktari nacheza na sisi?"

"Sichezi, kaka yangu. Pombe ya kweli. Ini likiletewa zote mbili, linaishughulikia pombe kwanza, na ile nyingine inakaa kando bila kuguswa mpaka itoke na mkojo. Tunachofanya ni kulishughulisha ini, basi."

"Mzee yangu naokoka."

"Aokoke, lakini anywe."

Aliingia ofisini, akatoka na chupa ya wiski yenye kifuniko ambacho hakijakatwa. Daktari wa kigeni aliyekuwa akirudi kwao alimwachia, na yeye mwenyewe hanywi.

"Bia itamjaza tumbo, ataitapika yote. Ya mtaani siiamini, sijui nani mwingine ana pipa. Dawa ya kutia mshipani nimeiomba, inakuja na ndege kesho. Chupa hii inamfikisha mtu mmoja mpaka hiyo kesho, mkimpa kidogo kidogo bila kukatisha. Mkikatisha, asidi inarudi kazini. Mpeni ya kwanza hukohuko nyumbani, msingoje, halafu mleteni." Aliwatazama wote wawili. "Nani mwingine alikunywa?"

"Mume ya huyu," Gakwaya akasema. "Iko mzima. Nakoroma."

Daktari alikunja uso. "Alikunywa na bia pia?"

"Tangu asubuhi," Spès akajibu kwa aibu.

Daktari alifungua mdomo, lakini wakati uleule machela iliingia mbio, juu yake mtoto aliyekanyaga bomu shambani. Daktari aliifuata. Kutoka mwisho wa korido alipaza sauti: "Huyo naye aje nimwone! Leo hii!"

Spès alielewa kwamba daktari anataka kusikia habari kutoka kwa mwenyewe. Aliona haya kwa ajili ya mumewe, akaifunga chupa ndani ya kitenge.

Njiani kuelekea Kinyinya Gakwaya alisema mara moja tu.

"Kumbe ni nyinyi."

"Ni sisi. Hatukujua, lakini ni sisi."

Nyumba ya Frederick ilikuwa juu kabisa ya kilima, nusu matofali, nusu turubai. Ndani mzee alikuwa amelazwa na kitambaa kibichi usoni, anahema kama mtu aliyekimbia. Winifred alisimama mlangoni. Gakwaya alimweleza mama yake yote kwa Kinyarwanda, na kadiri alivyoeleza ndivyo uso wa mama ulivyozidi kufunga.

Kisha akaiona chupa.

"Mama Ingrid," akasema. Bamwana ilikuwa imekwisha. "Jana mulileta chupa. Leo munaleta chupa ingine?"

"Daktari amesema..."

"Daktari hapana ishi katika nyumba yangu! Tangu Yesu aingie katika nyumba hii, pombe haijaingia."

Spès alikuwa amekwisha kumimina kikombe cha kwanza. Winifred alikipiga kwa kiganja, kikaruka, na wiski ikanywewa na udongo wa sakafu. Wote wawili waliitazama ikizama.

"Gakwaya! Enda ulete huyo mwanaume naonja kwanza. Asimame hapa, aniangalie, aape. Kabla ya hapo hakuna mtu nakunywa kitu."

Pick-up iliondoka tena. Mchana ukaendelea kupita.

Hapo Spès alifanya jambo ambalo mwanamke wa Buyenzi halifanyi kirahisi. Alipiga magoti.

"Winifred, nipige. Vunja ndoa. Niitie askari, nitawaonyesha Silvère anakojificha, nikipajua. Lakini hasira zako kwangu yanazilipa macho ya mzee. Kila ukinikasirikia dakika moja, yeye anapungukiwa. Mpe anywe, halafu utanichukia taratibu. Mimi siendi popote."

Winifred aligeukia kitanda. "Yeye aliahidi Mungu."

"Winifred," sauti ikatoka kitandani.

Frederick alikuwa ameondoa kitambaa. Macho yake yalikuwa wazi, mazuri, hayana alama yoyote, na yalitazama mahali ambapo hapakuwa na mtu.

"Muliwasha taa?"

"Taa ya nini, mzee? Ni mchana."

Mzee alikikunja kitambaa mkononi. Kisha akasema, "Basi lete kikombe."

"Fred, wokovu wako..."

"Jana nilikunywa kwa ajili ya kuona haya watu. Leo nitakunywa kwa ajili ya macho. Mungu najua kutofautisha kuliko wewe."

Winifred aliombea kikombe kwanza. Aliomba kwa muda, machozi yakitiririka, Spès akimng'ang'ania Mungu kimoyomoyo amwambie afupishe. Halafu Winifred mwenyewe, kwa mkono wake, akamnywesha mumewe wiski. Mzee alikunja uso, akakohoa, akameza. Hakuitapika.

Wakampa tena baada ya muda. Na tena. Winifred ndiye aliyepima, kwa kijiko kikubwa, na hakumruhusu mtu mwingine kuigusa chupa. Kila mara aliifunga, akaiweka mapajani. Spès alikaa sakafuni kando yake, mgongo ukutani, macho yakijifumba kwa uchovu.

Jua lilikuwa limeanza kuteremka lakini bado linachoma, mhemo wa mzee ulipotulia. Alilaza kichwa upande.

"Pale kuna kitu nang'aa," akasema.

"Wapi?"

"Pale. Nafikiri ni dirisha."

Lilikuwa dirisha. Winifred alifunika uso kwa kanga yake na kulia waziwazi, mabega yakimruka. Kisha akatafuta mkono wa Spès sakafuni, akaushika.

"Bamwana," akasema.

Spès aliitikia kwa kichwa, na yeye akalia, kwa furaha na kwa mambo mengine yote ya tangu mwezi wa nane ambayo hakuwa amepata nafasi ya kuyalilia. Ndoa ilikuwa bado hai, na mzee alikuwa anaona dirisha. Alifikiria hata namna ya kumsamehe Silvère, siku moja, akishampiga kwanza.

Honi ikalia nje.

Gakwaya alishuka wa kwanza, akazunguka upesi kufungua mlango wa upande wa pili. Spès aliona kupitia mlangoni jinsi alivyoufungua: kwa upole, si kama mtu aliyeleta mtuhumiwa. Ingrid akashuka. Nyuma yake akashuka Révérien, amevaa koti lake la jana la sherehe, amelifunga vifungo vibaya. Mkono wake ulikuwa kwenye bega la binti yake. Mguu wake ulitangulia hewani, ukatafuta ardhi, ukaikosa, ukaipata.

"Papa, kuna jiwe," Ingrid akasema.

"Naliona," Révérien akasema, akaligonga.

Walifika mlangoni. Jua lote la Kinyinya lilikuwa usoni pake, na hakupepesa.

"Spès? Uko huku?" akaita. "Huku mlimani kuna ukungu namna hii? Nimeamka kichwa kinanipasuka, nikawaambia watoto wafungue madirisha. Wanasema yako wazi."

Ndipo Spès alipolielewa swali la daktari kuhusu bia. Bia za tangu asubuhi ndizo zilizomlinda usiku kucha. Ini lake lilishughulika nazo wakati anakoroma, na zilipokwisha, likaigeukia chupa ya Silvère. Na yeye hakunywa kikombe kimoja kama Frederick. Alimaliza yote iliyobaki.

"Nani huyo?" Frederick akauliza kitandani.

"Mama," Ingrid akasema, "papa anatapika tangu tulipotoka. Gakwaya anasema daktari aliwapa dawa. Iko wapi?"

Spès aligeuka. Winifred alikuwa ameelewa kabla yake. Mwanamke yule ambaye pombe haikuwahi kuvuka mlango wake alikuwa amesimama kando ya kitanda cha mumewe, ameikumbatia ile chupa kifuani kwa mikono yote miwili. Ilikuwa imebaki nusu.

"Daktari alisema mutu moja," akasema. Machozi yalikuwa hayajakauka mashavuni. "Bamwana, unisamehe. Alisema tukikatisha, ile sumu narudi. Mzee yangu naanza kuona. Unisamehe."

"Mama!" Gakwaya akaita, na haikujulikana ni mama yupi anayemwita.

Révérien alikuwa ameketi kizingitini, anajipapasa usoni kwa vidole vyake vya vanishi.

"Spès," akasema, na safari hii sauti yake ilikuwa ya mtu mwenye hofu. "Si ukungu, siyo?"

Spès aliinuka kutoka sakafuni. Alimtazama Winifred, akaitazama chupa, akainyooshea mkono.